Tuliorejea tupande maua yenye chakula chini yake

Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili: ua ni kiwanja cha nyumba kilichozungushiwa uzio, na ua ni pambo linalochanua. Hoja yangu ni kwamba sisi tuliorejea Palma, Quionga, Mocímboa da Praia na vijiji vya jirani tuziunganishe maana hizo mbili, kisha tuongeze ya tatu, yaani chakula.

Itakumbukwa kuwa mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, mji huo ukatekwa Agosti 2020, na Palma ikavamiwa tarehe 24 Machi 2021. Wengi walikimbilia Pemba, wengine wakaelekea Ruvuma. Aliyerejea akakuta nyumba au walau kiwanja, lakini shamba ni habari nyingine. Liko mbali, limegeuka kichaka, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kulala huko ili kufukuza nguruwe. Hata kuingia msituni kuchimba ming'oko kumekuwa jambo la hofu. Hivyo basi, ardhi ambayo mama mwenye watoto anaifikia kwa usalama asubuhi na jioni ni zile hatua chache za uani.

Misaada inapokuja, mara nyingi huja na mbegu za mahindi na jembe. Tunashukuru. Lakini mahindi yanataka shamba, na asiye na shamba huishia kuziuza mbegu sokoni. Uani unataka mmea mwingine.

Mimi nilisoma Tanzania, ng'ambo ya mto, wazazi wetu wakiwa wakimbizi wa vita vilivyomalizwa na mkataba wa Roma wa mwaka 1992. Shuleni tulikuwa na bustani mbili: ya maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na ya muhogo nyuma ya madarasa. Tulifundishwa kuwa pambo ni la mgeni na chakula ni cha mwenyeji. Mgawanyo huo unafaa penye ardhi tele. Kwetu leo haufai.

Tazama jimbi. Ulaya na Marekani hulipanda kwenye vyungu kwa ajili ya majani yake makubwa, wakaliita sikio la tembo. Sisi tunajua kilichoko chini. Lipande pale maji ya kuogea yanapotokea, nalo litakunywa maji ambayo vinginevyo yangetuama na kuzaa mbu. Manjano na tangawizi huvumilia kivuli cha ukuta, na baada ya miezi minane au tisa, majani yakikauka, huchimbwa. Kiazi kikuu hupanda juu ya uzio na kuufunika kwa kijani. Kiazi kitamu hutambaa kama zulia, majani yake ni matembele, na mizizi yake huwa tayari kwa miezi mitatu hadi mitano.

Kwenye kiazi kitamu tuchague chenye nyama ya rangi ya chungwa. Hapa Msumbiji taasisi ya utafiti wa kilimo, IIAM, ilitoa aina 15 zinazostahimili ukame mwaka 2011. Mtafiti Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde aliyefanya kazi hiyo hapa nchini, alikuwa mmoja wa wanne waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Robert Mwanga wa Uganda. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima.

Lipo pia lile ua ambalo wataalamu huliita kana, lenye majani kama ya mgomba mdogo, maua mekundu au ya njano na mbegu nyeusi ngumu kama shanga. Kwetu ni pambo tu. Huko milima ya Andes, Amerika ya Kusini, mizizi yake imeliwa kwa maelfu ya miaka, na Vietnam hutengeneza tambi kwa wanga wake.

Mtu atauliza: muhogo hautoshi? Muhogo ndio uti wa mgongo wetu, na siubezi. Lakini mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 huko Nampula walipooza miguu kwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita mantakassa. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioliwa kabla sumu yake haijatolewa vya kutosha, kwa kuwa njaa haikungoja siku za kuukausha. Mwaka 1992 na 1993, ugonjwa huo ulizuka tena huko Mogincual. Nyumba yenye mizizi mingine uani inaweza kuusubiri muhogo mchungu ukauke.

Hata hivyo, si kila ua huliwa. Jimbi lenyewe huwasha koo lisipopikwa hadi kuiva sawasawa. Yako maua ya majani ya madoadoa yanayofanana nalo ambayo ni sumu. Na lile ua la mwituni linalopanda kwa ncha za majani, lenye petali nyekundu na njano kama miali ya moto, mizizi yake inaua. Kanuni ni moja: usichimbe kwa kubahatisha, panda unachokijua kwa jina na kwa mkono wa aliyekula.

Ndugu zangu wafanyabiashara mnaovuka Ruvuma, nanyi mna sehemu yenu. Manjano na tangawizi mbichi huuzwa kama viungo, na kipande chenye jicho kikizikwa huchipua. Lakini msibebe vijiti vya muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu wa Amani, Tanga, tangu miaka ya 1930, husafiri ndani ya vijiti hivyo, na mara nyingi mkulima huuona siku anapokata muhogo na kukuta umeoza. Mbegu za viazi nazo tuzitafute kwa maofisa wa kilimo.

Wapo watakaosema uani safi ni mchanga uliofagiliwa, na kwamba majani huleta nyoka. Basi tupande pembezoni, tuache katikati peupe. Wengine watasema uani hauwezi kulisha familia mwaka mzima. Ni kweli. Lakini unaweza kuivusha miezi ya njaa kabla mahindi mapya hayajaiva, na hiyo ndiyo miezi ambayo mwanafunzi wangu husinzia darasani.

Tena kuna faida kwa aliyehifadhiwa kwenye nyumba ya mtu. Mwenyeji anaweza kukataa shamba uani pake, lakini ni nadra kukataa maua.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa wilaya na mashirika ya misaada: msimu ujao wa mvua, pamoja na mbegu za mahindi, tupeni mbegu za viazi lishe, majimbi na viazi vikuu. Nasi tusingoje gari la msaada. Jirani mwenye jimbi moja ana machipukizi ya kugawa.