Oili si Oili: Bosi, Wacha Kumkata Kijana Mshahara

Kuna sentensi fupi inaua kompresa kila siku kwa magereji zetu: "Weka tu, oili ni oili."

Nenda Grogan, nenda Kariobangi Light Industries, simama kwa kibanda chochote cha panchari kando ya barabara, utaisikia. Kopo la 20W-50 limebaki nusu baada ya servisi ya matatu, kompresa inalia kama imekauka koo, basi mtu anamimina. Wengine wanamimina hata ile nyeusi imetolewa kwa gari. Baadaye pampu inashika, na hapo ndipo bosi anakumbuka ana kijana wa mkono: "Si wewe ndiye ulikuwa unaitumia? Utalipa."

Hapo ndipo mimi na mabosi tunakosana.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, na wale wa "kwani wewe ni injinia?" najua mko njiani. Haihitaji digrii kusoma kibati kilichobandikwa kwa pampu. Inahitaji kuinama tu.

Sasa sikizeni. Oili ya injini imetengenezwa na sabuni ndani yake, dawa ya kushika masizi na uchafu ili vielee mpaka vinaswe na filta. Kwa gari hiyo ni kazi safi. Lakini kompresa ndogo ya pistoni haina filta ya oili. Nyingi hazina hata pampu ya oili: kuna kijiko kidogo chini ya konrodi kinachota oili na kuirusha juu. Kwa hivyo ule uchafu unaoelea unazunguka tu, unakwaruza silinda na beringi. Mashine inavuta hewa ya barabarani yenye vumbi na unyevu, na maji yakiingia, sabuni inayachanganya na oili badala ya kuyaacha yatulie chini.

Halafu kuna joto. Hewa ikibanwa inachemka. Ile inayotoka kwa pampu inaweza kupita nyuzi 150. Oili isiyofaa inaungua juu ya valvu na kuacha makaa. Valvu ikishikwa na makaa haifungi vizuri, hewa moto inarudi ndani, mota inanguruma muda mrefu kujaza tangi lile lile, tokeni za stima zinaisha, na wewe unalaumu bei ya stima. Makaa yakizidi yanaweza hata kushika moto kwa paipu ya kutoa hewa. Na kijana wako amekaa hapo kando na spana.

Haya, bosi, tuongee kuhusu ule mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inakuruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Kijana aliyemimina kile ulichomletea, vile ulivyomwambia, amekosa nini kwa makusudi? Hukumpa oili sahihi, hukumfundisha kuangalia kioo, hukumwambia servisi ni lini. Umeharibu mashine kwa mkono wake, halafu unamtumia bili. Huo si usimamizi, ni ujanja.

Na usiniambie hakuna pesa. Kompresa nyingi ndogo za mkanda hazimalizi hata lita moja ya oili. Linganisha hiyo na bei ya pampu mpya.

Kwa hivyo fanya hivi. Dukani usiseme "nipe oili." Sema oili ya kompresa ya pistoni, isiyo na sabuni. Kopo litaandikwa ISO VG 100, ambayo ni karibu SAE 30, au VG 68, karibu SAE 20. Kwa joto la Mombasa au Garissa, 100 ndiyo ya kawaida. Kwa baridi ya Limuru pampu nyingine zinakubali 68. Kitabu cha mashine yako kikisema kingine, fuata kitabu. Kama kompresa yako ni ile isiyotumia oili, usiweke hata tone. Na ile kubwa ya skrubu ina oili yake, usichanganye.

Kuangalia ni dakika moja, kabla ya kazi, mashine imezimwa na imesimama mahali tambarare. Kile kioo cha duara kina doa jekundu. Oili ikae katikati ya doa. Ikipungua, pampu inajila. Ikizidi, oili inapanda na hewa, na wale wa kupaka rangi wataona vishimo kama macho ya samaki kwa mlango wa mteja. Rangi ya oili pia inaongea: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, ikiwa nyeusi tititi, imeungua, ukiona vumbi la chuma linang'aa, ita fundi.

Kubadilisha: iwashe dakika chache oili ipate joto. Izime, toa plagi ukutani, fungulia hewa yote mpaka geji isome sufuri. Fungua nati ya chini, oili itoke yote kwa chombo, funga, jaza mpaka katikati ya doa. Mashine mpya nyingi zinataka oili ya kwanza itolewe baada ya saa 50 hivi, halafu kila saa 300 mpaka 500; kwa vumbi letu, usingoje mwisho. Oili chafu isiende mtaroni, tafuta wanaoikusanya. Na kila jioni fungua koki ya chini ya tangi maji yatoke.

Kuna mzee atasema: "Mimi nimeweka oili ya gari miaka mitano na bado inapiga kazi." Sawa mzee wangu, heshima yako. Lakini fungua kichwa cha hiyo pampu utuonyeshe valvu, na utuambie tangi linajaa kwa dakika ngapi siku hizi. Kupiga kelele si kupiga kazi.

Na wewe kijana wa mkono: bandika tepu kwa tangi, andika aina ya oili na tarehe iliyobadilishwa. Bosi akikuletea oili ya gari, mwonyeshe kibati, akikataa, mwandikie meseji uiweke. Siku pampu itashika, atakuja na bili. Wewe utakuwa na tarehe.