Chai ya zambarau na kosa letu la kila siku

Jamani, leo niko nyumbani Kaplong na hoja yangu ni chai. Mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa TRFK 306, chai ya zambarau, baada ya kazi ya miaka takriban 25. Sayansi safi! Lakini wakulima wengi walioipanda waliishia kulipwa bei ya chai ya kawaida, kwa sababu viwanda vingi havikuisindika peke yake. Sisi watengeneza programu tunalijua kosa hili: unamaliza kazi, ndipo unamtafuta mtumiaji. Chuo Kikuu cha Kabianga kimezungukwa na mashamba na viwanda vya chai. Basi mwenye kiwanda na mkulima waitwe siku ya kwanza ya utafiti, si siku ya uzinduzi. Wewe waonaje?