BUNDUKI YA RISASI MOJA

Mpenzi msomaji, kwanza nakuomba radhi ikiwa ulikuwa mmoja wa waigizaji wa mchezo wetu wa Siku ya Mashujaa. Mlicheza vizuri na makofi mliyapata. Lakini hapa Chamani tumezoea kuambiana ukweli, kwa hivyo acha niseme lililonikera. Wapiganaji wetu wa Mau Mau walitoka katika msitu wa majani ya migomba, wakainua bunduki za mbao, wakapiga "ta-ta-ta-ta-ta!" mpaka askari wote sita wa mbeberu wakalala chali. Hakuna aliyesimama kutia risasi. Hakuna bunduki iliyokwama. Nikajiuliza, hivi kama mambo yalikuwa mepesi namna hiyo, mbona vita vilichukua miaka?

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vijana walioingia msitu wa Mlima Kenya kutoka Embu, Chuka na Meru hawakuwa na ghala la silaha. Bunduki za kiwandani zilikuwa chache, nazo ziliporwa kwa polisi na walinzi, au zilinunuliwa kwa siri. Wengi walibeba panga, simi na mikuki. Lakini lisilo budi hutendwa, na wako waliojitengenezea bunduki zao. Bomba la maji likawa mtutu. Kitako kikachongwa kwa mti. Komeo la mlango, kama hili hili tunalofungia bweni, likawa chuma cha kugonga risasi, likirushwa mbele kwa springi au kwa vipande vya mpira wa tyubu ya gari.

Hapa ndipo wenzangu hucheka. Niliposimulia haya darasani, mmoja aliropoka, "Ati hiyo ni bunduki ama ni mfereji?" Darasa zima likavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, sikatai. Lakini hebu tuutazame vizuri huo mfereji.

Ugumu wa bunduki uko katika kuilisha. Hata wenye viwanda waliumizwa kichwa na jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na Girandoni. Haikutumia baruti ila hewa iliyoshindiliwa ndani ya kitako, na ilibeba risasi za mviringo kama 20 hivi katika mrija uliolala ubavuni mwa mtutu. Kituko chake ni kwamba baada ya kila pigo askari aliinua mdomo wa bunduki juu ili risasi nyingine ibingirike kwa uzito wake. Asipoinua, hana kitu. Na ile Lee-Enfield ya Waingereza, iliyotumika sana hapa kwetu, ilimeza risasi 10, zikitiwa tano tano. Risasi zake zina ukingo kwenye tako. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa risasi ya chini, zinashikana na bunduki inagoma. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la KAR, kwa hivyo vituko vya bunduki za kizungu havikuwa vigeni kwake.

Sasa rudi kwa bomba letu. Hilo halina hata pa kuwekea risasi ya pili. Moja inatiwa kwa mkono, komeo linavutwa nyuma, linaachiliwa. Bomba halikutengenezwa kwa kipimo cha risasi, basi risasi hucheza mle ndani na kwenda kombo, na moto mwingine humrudia mpigaji usoni. Baadhi zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Ikilia salama, ganda tupu huwa limefura na kunata, na hakuna chuma cha kulivuta. Lazima lichokolewe kwa ufito. Hebu hesabu muda huo, mwenzangu, huku askari wa upande wa pili ana risasi tisa zilizobaki. Tena hesabu ukijua kwamba kuanzia Novemba 1953 ndege za Lincoln zilikuwa zikiangusha mabomu juu ya msitu huo huo. Kumbe nyingine hazikutengenezwa zipige kabisa. Zilibebwa ili adui akiliona kundi gizani adhani lina bunduki nyingi.

Na risasi yenyewe ilitoka wapi? Katika miaka ile, kupatikana na risasi bila kibali kulitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa wakati wa hali ya hatari, na si wote walikuwa wameua mtu. Risasi iliyofika msituni ikiwa imefichwa ndani ya kiondo ilikuwa imepita mikononi mwa watu kadhaa, wengine wao akina mama, na kila mmoja alikuwa ameweka shingo yake rehani. Kisha sisi jukwaani tunazimwaga kama bisi zinazoruka sufuriani!

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba mchezo ni burudani, na watazamaji hawatakaa kimya wakingoja mtu achokoe bomba kwa ufito. Kwa heshima zote, mwalimu, mimi naona watakaa kimya kuliko walivyowahi kukaa. Wengine watasema kuongea habari za kutengeneza bunduki shuleni ni kutafuta balaa. Nakubaliana nao kabisa, na sheria ya silaha haina mzaha. Ninachoomba ni gogo la mbao lenye umbo la bunduki ile, lisilotobolewa hata tundu la msumari.

Nina haraka kwa sababu wenye habari wanatuacha. Jenerali Kubukubu wa Embu hakuiona siku ya uhuru. Musa Mwariama wa Meru alitoka msituni Desemba 1963 bila kukamatwa, akafariki 1989. Baimungi, ambaye pia alitoka wakati huo, aliuawa 1965. Itote alituacha 1993. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1953 leo ana miaka 90 au zaidi, kama angali hai. Baadhi ya bunduki zenyewe zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho huko London, na sisi tunaoishi chini ya mlima tunapiga ta-ta-ta.

Basi likizo ikifika, kila mwanachama aketi na mzee aliye karibu naye, asikimbilie kuuliza walipiga wangapi. Aulize risasi zilitoka wapi, nani alizibeba, na ganda lilitolewaje. Akija nayo kwenye daftari, Chama kitakuwa na mchezo wa mwaka ujao bila kubuni chochote. Mbao ya mukima nimeshaahidiwa nyumbani. Kilichobaki ni ufunguo wa karakana, na mwigizaji atakayekubali kupiga mara moja tu, kisha apige magoti achokoe bomba mbele ya shule nzima, mikono ikimtetemeka.