Tramu ya Zamani, Breki Mpya

Msomaji wangu, wewe na mwenzi wako mkijaliwa kufika Lisbon, Ureno, msikose kupanda tramu namba 28. Ni kibehewa cha umeme, cha njano nje na mbao ndani, kinachopita kwenye reli katikati ya barabara. Vibehewa hivi asili yake ni miaka ya 1930, na mpaka leo vinapanda vilima vya Alfama na kukata kona ambazo tramu mpya, ndefu, haziwezi.

Siri yao? Miaka ya 1990 vilifungwa mota na breki mpya. Sura ikaachwa ile ile. Nani angekubali kuteremka kilima kile na breki za babu?

Ndoa nazo ndivyo zilivyo. Wengi tunang'arisha sura: picha ya harusi ukutani, sare kwenye sherehe. Breki za ndani, yaani kusikilizana na kuombana radhi, zimelika siku nyingi. Tunashtuka tukiwa mteremkoni, kazi imeota nyasi au kuna mgonjwa ndani.

Haya, safari njema. Pandieni Martim Moniz asubuhi mapema, mpate viti. Bibi wa mtaani mwenye kikapu mpisheni. Kwake ile ni daladala. Picha pigeni pale Portas do Sol, mto unaonekana chini. Mbili tatu zinatosha. Kamera irudi mkobani, mshikane mikono, kisha muulizane: breki zetu tulizikagua lini?