Moyo wa Betri Usiwe Anasa ya Matajiri

Wahenga walisema afya ni mali. Kwa mgonjwa wa moyo katika nchi hii, msemo huo umepinduliwa: asiye na mali hana afya.

Moyo hupiga kwa umeme wake wenyewe. Umeme huo ukizorota, mtu huona kizunguzungu, huzirai, na huenda akafa. Tiba yake ni pesimeka, kifaa kidogo cha betri kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua, na nyaya zake kupitishwa mshipani hadi moyoni. Mtu wa kwanza kupachikwa kifaa hicho mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Kifaa chake kilizima baada ya saa chache. Hata hivyo, kwa kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20, aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na umri wa miaka 86.

Funzo la maisha ya Larsson ni kwamba siku ya upasuaji ni mwanzo tu wa safari. Mwenye pesimeka huweka simu yake mbali na kifua. Mlangoni mwa duka humwomba askari asikishikilie kifaa cha kukagulia vyuma juu ya kidonda chake. Wapo pia waliopachikwa kifaa kinachoushtua moyo unapokwenda mbio za hatari. Mshtuko wake wameufananisha na teke la farasi, na baadhi yao huuhofu kuliko maradhi yenyewe.

Zaidi ya hayo, betri hudumu kwa miaka 10 hivi, kisha kifaa kizima hubadilishwa. Hapo ndipo maskini hukwama. Harambee ya kwanza huchangwa kwa moyo mkunjufu. Ya pili huwakuta jamaa wamechoka.

Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF. Rai yangu ni kwamba mamlaka hiyo iuhesabu uchunguzi wa kifaa na ubadilishaji wake kuwa sehemu ya tiba ileile. Kumpa mtu moyo wa miaka 10 kisha kumwacha ni kumpandisha mnazi na kuiondoa ngazi.

Aidha, tusiogope kuvijadili vifaa vilivyotumika, vikasafishwa na kupimwa upya. Utafiti wa madaktari wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa 1,051 waliopachikwa vifaa vya namna hiyo, na haukupata ushahidi kwamba walidhurika zaidi ya waliopewa vipya. Wapo watakaonung'unika kuwa tunatupiwa mitumba hadi moyoni. Nami sitaki Mwafrika awe jaa la wengine. Kwa hiyo pawe na sheria, ukaguzi mkali, na ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa yote kwa lugha anayoielewa.

Lakini anayekataa kwa niaba ya maskini na ajiulize: je, amemwandalia kipya?