Goli la Kona ni Goli

Usiku wa Jumatano, tarehe 4 Desemba 2024, nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la mbao katika kibanda cha mtaa wetu hapa Kampala. Mechi ilianza saa tano na robo, Arsenal dhidi ya Manchester United, na watu walijaa hadi mlangoni. Arsenal ilishinda 2–0. Goli la kwanza lilikuwa la Timber, la pili la Saliba, yote mawili kutokana na kona. Lilipoingia la pili, shabiki mmoja wa United aliinuka akatangaza: "Hayo si magoli, hayo ni ya kona!" Nusu ya kibanda ilicheka. Na mimi, ninayeishabikia Arsenal tangu shule ya msingi, nikaona haya kidogo, kana kwamba timu yangu imeuokota ushindi njiani.

Nimeandika insha hii ili kumjibu shabiki yule. Najijibu na mimi pia, kwani miezi michache baadaye maneno kama hayo, yakitoka vinywani mwetu wenyewe, yalimfukuza mtu katika timu ya kitivo chetu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Siku hizi benchi la ufundi la klabu kubwa halina kocha mkuu na msaidizi wake tu. Yupo kocha wa makipa, yupo wa mazoezi ya viungo, na zipo klabu zenye kocha wa mipira iliyokufa, yaani kona, mipira ya adhabu na mipira ya kurusha. Wa Arsenal ni Nicolas Jover, aliyepitia Brentford na Manchester City kabla ya kujiunga nao mwaka 2021. Ukitazama mechi zao utamwona akiinuka Arsenal inapopata kona, kisha anarudi kukaa. Msimu wa 2023/24 Arsenal ilifunga magoli 16 ya kona katika Ligi Kuu ya Uingereza, ikaifikia idadi ya West Bromwich Albion ya msimu wa 2016/17. Goli moja la kona unaweza kuliokota. Magoli 16 hayaokotwi.

Siku nyingine Arsenal wakipata kona, acha kuutazama mpira, watazame watu. Wanajikusanya nyuma, karibu na mlingoti wa mbali. Saka au Rice anapiga mpira unaojipinda kuelekea golini. Kundi lile linakimbia kwa wakati mmoja. Mmoja anakata mbele ya beki, mwingine anamzibia beki njia, mwingine anasimama karibu na kipa ili kipa asipate nafasi ya kuruka. Gabriel anatokea mahali ambapo wenzake wamemfungulia, anapiga kichwa. Kesho yake sote tunasema Gabriel amefunga. Ni kweli amefunga. Lakini wale waliomfungulia njia hawatajwi, na aliyewapanga hatajwi kabisa, ila siku ya kumcheka.

Sasa nije nyumbani. Mwaka 2025 kamati ya michezo ya kitivo chetu ilimkubali msaidizi mpya wa kocha. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu, anasoma Jiografia na Kiswahili. Goti lake liliumia alipokuwa sekondari, na tangu hapo hajacheza. Aliomba jambo moja tu, apewe dakika ishirini mwishoni mwa kila mazoezi kwa ajili ya kona, za kushambulia na za kulinda. Alikuja na daftari ambalo ndani yake alikuwa ameuchora uwanja kama ramani, kila mchezaji akiwa namba na kila mbio zikiwa mshale.

Jambo alilobadilisha kwanza ndilo lililozua vita. Miaka yote timu yetu ilikuwa ikilinda kona mtu kwa mtu: wewe mkabe yule mrefu, wewe mkabe namba tisa. Yeye akaleta ulinzi wa maeneo. Watano walisimama mstari mmoja mbele ya goli, kila mmoja na eneo lake la hatua mbili tatu. Watatu walisimama mbele yao kuwapunguza kasi wapinzani wanaokuja mbio. Agizo lilikuwa fupi: usimfuate mtu, ufuate mpira ukiingia katika eneo lako.

Mechi ya kwanza tulifungwa goli la kona. Ya pili tukafungwa tena. Kundi letu la WhatsApp likawaka. "Tunasimama kama mikaratusi," aliandika mmoja, "wenzetu wanaruka sisi tunatazama." Hapo walipachika jina: Bwana Kona. Mechi ya tatu hatukufungwa kwa kona. Ya nne pia hatukufungwa kwa kona, na tulishinda 2–1 kwa magoli mawili ya kona yaliyotoka moja kwa moja katika lile daftari. Ungetarajia shukrani. Badala yake mtu mmoja aliandika: "Tumeshinda, lakini mpira hatukucheza." Ujumbe ule ulipata vicheko vingi kuliko ujumbe wowote wa muhula ule. Mwandishi wake ni mimi.

Nusu fainali tulifungwa 1–0 dakika za mwisho, kwa kona. Siku tatu baadaye kamati ilikutana kwa nusu saa ikamwondoa. Alikusanya koni zake za plastiki, akaaga, na tangu siku ile hajakanyaga uwanjani.

Wiki mbili baadaye niliitazama video ya goli lile iliyorekodiwa kwa simu. Niliitazama mara nyingi. Mpira ulipopigwa, beki wetu wa kati aliliacha eneo lake akamfuata mshambuliaji mmoja, kama alivyozoea miaka yote. Mpira ukaja ukatua palepale alipotoka. Kumbe mfumo uliofungwa siku ile ulikuwa wa zamani, ule tulioutaka sisi. Simlaumu beki, mazoea yana taabu. Nasema tu kwamba tulimfukuza mtu kwa kosa ambalo daftari lake lilikuwa limekwisha kulikataza.

Nimefikiri sana kwa nini tuliuchukia mfumo ule kabla ya kuuelewa. Jibu nililolipata haliwapendezi mashabiki, nami ni mmoja wao. Ulinzi wa mtu kwa mtu una fadhila moja kubwa kwa shabiki: timu ikifungwa, anajua wa kumtukana. Fulani alimwacha namba tisa, basi fulani hafai. Ulinzi wa maeneo unatunyima starehe hiyo. Mpira ukipita katikati ya wawili, kosa ni la nani? Inabidi ujue nani alipangwa wapi, nani alichelewa hatua moja, nani alishindwa kumpunguza kasi mkimbiaji. Kujua hayo ni kazi, na sisi huja uwanjani kupumzika. Kwa hiyo lawama yote tunambebesha aliyeleta mfumo. Na katika sifa tunafanya vivyo hivyo. Tunataka mtu mmoja wa kumbeba mabegani. Goli lililofungwa na watu sita kwa pamoja halina wa kubebwa, ndiyo maana tunasema si goli.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Binamu yangu anaishi Boston, na ndiye aliyenifundisha kuutazama mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Huko kuna wanaume watano wanaosimama mstari wa mbele kabisa timu yao inaposhambulia. Wa katikati huuanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma, na baada ya hapo kazi ya wote watano ni kuzuia, ili mrushaji apate muda na mkimbiaji apate njia. Safu hiyo ina kocha wake. Akija mpya na mfumo mpya, mashabiki hubishana kwa wiki nyingi: wazuie mtu kwa mtu, au wazuie kwa maeneo? Binamu aliponieleza nilicheka. Ni mabishano yetu yaleyale, yamevaa kofia.

Akanipa mfano wa Denver Broncos. Mwaka 1995 walimpata kocha wa safu hiyo, Alex Gibbs, aliyewafundisha kuzuia kwa maeneo, wote watano wakisogea upande mmoja kwa pamoja. Hakuhitaji majitu, alitaka watu wepesi wanaoelewana. Mwaka 1998 mkimbiaji wao Terrell Davis alifikisha yadi 2,008, na timu ikatwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Watu wakasema Davis ni wa ajabu, na hawakukosea. Lakini mwaka 1999 Davis aliumia. Akaingia Olandis Gary, akavuka yadi 1,000. Mwaka 2000 akaja Mike Anderson, akavuka yadi 1,000. Mwaka 2002 akaja Clinton Portis, naye akavuka. Wakimbiaji wanne, njia moja. Majina ya wakimbiaji yanajulikana hadi huku kwetu kwa anayefuatilia. Ya waliokuwa wakiifyeka njia ile, hata binamu yangu alilazimika kuyatafuta.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeyasema mwenyewe.

Mtasema kona si mpira mzuri, mpira mzuri ni chenga na pasi. Chenga nazipenda pia. Lakini anayedai kwamba uzuri hauwezi kutoka katika jambo lililopangwa na kurudiwa, na aje darasani kwetu. Hakuna hata mmoja wetu anayesema shairi lenye vina na mizani si shairi kwa kuwa mtunzi alihesabu silabi kwa vidole. Tunalisifu kwa sababu hiyohiyo. Iweje watu sita wanaokimbia kwa hesabu tuwaite wavivu?

Mtasema kona za siku hizi zimejaa kushikana na kusukumana, kipa anazongwa, na muda unapotea mchezaji akifuta mpira kwa jezi. Hapo nakubaliana nanyi. Hiyo ni kazi ya mwamuzi, naye aifanye. Kosa la kumshika kipa litolewe adhabu. Lakini kwa sababu wapo wanaodanganya mtihani, hatusemi kila aliyefaulu amedanganya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mtasema alibadilisha mfumo haraka mno, kwa dakika ishirini ishirini tu, akawatupa wachezaji katika mechi kabla hawajaiva. Ni kweli. Laiti angechanganya kwanza, wawili wakikaba watu na wengine wakilinda maeneo, hadi timu ikazoea. Hata mimi ningemshauri hivyo kama ningekuwa namshauri badala ya kumcheka. Lakini nani aliyempa muda mchache? Ni sisi. "Mvumilivu hula mbivu" tumeiandika katika kila insha tangu kidato cha kwanza, walimu wetu ni mashahidi. Tukifika uwanjani tunataka ndizi ipandwe Jumamosi, iive Jumapili.

Na hili si la mpira tu, ndiyo maana naliandika hapa na si katika kundi la WhatsApp. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili na ualimu tutakwenda kufanya kazi ambayo haina mfungaji. Mwanafunzi atafaulu, jina litakuwa lake. Atafeli, jina litakuwa letu. Tukizoea sasa kumdharau mtu anayefanya kazi ya nyuma, tusije tukashangaa tutakapodharauliwa.

Wiki iliyopita nilimkuta Bwana Kona maktabani. Daftari bado analo. Kurasa zilizobaki anaandikia maelezo ya somo la fonolojia. Nilimwomba radhi kwa ule ujumbe wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama beki wa kati bado anawafuata watu. Nilimwambia bado.

Mashindano ya vitivo yatarudi, na kamati itakaa tena kuchagua benchi la ufundi. Ombi langu kwao ni kwamba wamwite, wampe muhula mzima na si wiki mbili, na wasimpime kwa goli moja la dakika za mwisho. Kwenu mashabiki wenzangu naomba jambo dogo zaidi: kabla ya kuandika neno kuhusu kona, itazameni mara ya pili, na mara hiyo ya pili msiutazame mpira. Mimi nitaanza na kundi letu. Nitaandika kwamba siku ile ya 2–1 mpira tuliucheza, na nitamtaja kwa jina lake halisi.

Goli la kona ni goli. Linapohesabiwa, na aliyelipanga ahesabiwe.