Wanaredio wa ridhaa wavutana: Sikio au kompyuta?

MVUTANO wa muda mrefu unaendelea miongoni mwa wanaredio wa ridhaa, watu wenye leseni ambao huwasiliana duniani kote kwa mitambo yao wenyewe, bila malipo na bila kutegemea minara ya simu. Safari hii hawagombani na serikali wala na makampuni ya biashara. Wanagombana wao kwa wao.

Upande mmoja wamo wanaoamini kwamba redio ni sikio na kidole: kuichuja sauti dhaifu ndani ya kelele, kuijibu kwa alama za Morse au kwa kinywa, na kumfahamu aliyeko upande wa pili. Upande wa pili wamo wanaoikabidhi kompyuta kazi hiyo, na kubaki wakitazama majina ya nchi yakijipanga kwenye kioo.

Chanzo cha mpasuko kinarudi nyuma hadi Geneva, Julai 2003. Kabla ya hapo, kanuni za kimataifa zilimtaka kila aliyetaka kutumia masafa ya chini ya megahezi 30 athibitishe kwamba anaijua Morse. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliiondoa amri hiyo na kuiachia kila nchi uamuzi wake. Uingereza ilifuta mtihani mwaka huo huo, Marekani ikafuata Februari 2007.

Kwa wakongwe waliokesha wakijifunza nukta na vistari, ilikuwa kama kuona mlango wa nyumba yao uking'olewa. Hata hivyo, Morse haikufa kama walivyohofia. Klabu ya CWops, iliyoanzishwa mwaka 2010, huifundisha bure kwa njia ya intaneti, na wanafunzi wake ni watu ambao hakuna tena anayewalazimisha kuijua.

Kishindo kikubwa zaidi kilikuja mwaka 2017, pale Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alipotoa pamoja na mwenzake Steve Franke mfumo uitwao FT8. Katika mfumo huo vituo hupokezana zamu za sekunde 15, saa za kompyuta zikiwa zimelinganishwa. Kila kituo huchukua upana wa hezi 50 tu, wakati mazungumzo ya kawaida ya sauti huhitaji zaidi ya hezi 2,000. Programu husoma ishara ambazo sikio la binadamu haliwezi hata kutambua kwamba zipo.

Wakati nao ulisaidia. Jua lilikuwa likielekea kwenye utulivu wake wa mwaka 2019, na mawimbi ya masafa mafupi hayakuwa yakienda mbali. Mkazi wa ghorofa mjini, mwenye waya mfupi dirishani na kelele za umeme kila upande, ghafla aliweza kufika bara jingine. Baada ya muda mfupi kilohezi 14,074 pakawa mahali penye msongamano usiokoma, huku sehemu nyingine za masafa hayo hayo zikisikika tupu.

Lakini kinachopitishwa ni kidogo mno: alama ya kituo, eneo kilipo, kipimo cha ishara na kwaheri. Wanaopinga huuliza kama kweli hayo ni mazungumzo, au ni mashine mbili zinazosalimiana wakati wenye nazo wanakunywa kahawa. Swali hilo si la dharau tupu. Wapo wanaozirekebisha programu hizo ili zifanye kazi usiku kucha bila mtu.

Pamoja na hayo, ubishi wa FT8 kwa sehemu kubwa ni wa ladha. Penye uzito zaidi ni suala la data wakati wa maafa.

Septemba 2017, Kimbunga Maria kilipovunja mitandao ya umeme na simu Puerto Rico, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba wanaredio 50 kupitia chama chao, ARRL. Walikwenda 22. Katika hali kama hiyo, orodha ya majina ya walionusurika hufika upesi na bila makosa ikitumwa kama data kuliko ikisomwa jina moja moja. Ndiyo sababu watu wa uokoaji huuthamini mfumo wa Winlink, unaobeba barua pepe kwa redio.

Wapinzani wa Winlink wana hoja nzito pia. Mwaka 2018 ombi lilipelekwa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, likitaka mawasiliano yote ya data yaweze kusomwa na yeyote kwa urahisi. Walidai kwamba baadhi ya modemu za kampuni binafsi huufanya usikilizaji kuwa mgumu, na kwamba wenye mashua baharini hupata humo barua pepe ya bure. Masafa haya hulindwa na wanaredio wenyewe kwa kusikilizana, kisichosikika hakilindwi.

Novemba 2023 tume hiyo ilifuta kikomo cha alama 300 kwa sekunde kilichodumu tangu mwaka 1980, na badala yake ikaweka kikomo cha upana wa kilohezi 2.8. ARRL ilikuwa imeliomba badiliko hilo tangu mwaka 2013. Wanaokaa kwenye sehemu za Morse waliona kwamba jirani ameongezewa uwanja. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani ishara moja ya upana huo inaweza kufunika mazungumzo kadhaa ya Morse kwa mara moja.

Kwa Afrika Mashariki, ambako wanaredio hawa ni wachache, alama za 5H za Tanzania na 5Z za Kenya hutafutwa sana na wageni, na FT8 imewarahisishia wasaka nchi kuzipata.

Kila Juni pande zote mbili hukutana katika hema moja kwenye zoezi la Field Day la Marekani. Kanuni zake humpa anayetumia Morse pointi 2 kwa kila mawasiliano, na anayetumia kompyuta 2 vilevile. Aliyezungumza kwa sauti hupata 1.